NGUGI NA NAHODHA CONRAD

Muhula huu darasa letu limesoma mchezo uitwao The Black Hermit, uliotungwa na Ngugi wa Thiong'o alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, na kuchezwa kwa mara ya kwanza mjini Kampala mwezi wa Novemba, 1962. Mwalimu wetu wa Kiingereza alipokuwa akitueleza habari za mtungaji huyu, alitaja jambo moja kwa kupita tu, ya kuwa Ngugi katika ujana wake alimhusudu sana mtungaji wa Kizungu aitwaye Joseph Conrad, akajifunza kwake namna ya kupanga hadithi, lakini baadaye akamwacha na kumsema. Hapo mwenzetu mmoja akanyosha mkono akasema, "Basi huyo hana shukrani. Mtu akufundishe kazi, kisha umgeuke?" Darasa likacheka, kengele ikalia, tukaenda kula. Lakini neno lile halikunitoka. Nalikuwa nimekwisha kumsoma huyo Conrad kwa shida nyingi, kamusi mkono wa kushoto, nami nalimpenda. Nikaona kama kwamba nami nimeshitakiwa, ila sikujua kwa kosa gani: la kumpenda, au la kutaka kumwacha. Basi nimejaribu kuichunguza habari hii, nanyi wasomaji mtanisahihisha nilipokosea.

Kwanza nieleze Conrad alikuwa nani. Watu wengi hudhani alikuwa Mwingereza, kwa sababu vitabu vyake vyote aliviandika kwa Kiingereza. Hasha. Alikuwa Mpolandi, na jina lake la kuzaliwa ni Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Alizaliwa tarehe 3 Desemba, 1857, huko Berdychiv, mahali ambapo leo pamo katika nchi ya Ukraine, na siku zile palitawaliwa na Mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa mshairi na mfasiri, akipinga utawala wa Warusi, nao wakamhamisha yeye na mkewe na mtoto wao mpaka nchi ya baridi kali. Mama akafa 1865, na baba akafa 1869. Mtoto akabaki yatima mwenye miaka kumi na mmoja. Mwaka 1874, kabla hajatimiza miaka kumi na saba, akaenda Marseille, katika Ufaransa, akawa baharia. Mimi ninao umri huo sasa, na bado naomba ruhusa ya kwenda dukani. Miaka minne baadaye akaingia katika meli za Waingereza, na ndipo alipoanza kujifunza lugha yao, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi. Mwaka 1886 akapata cheti cha unahodha. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu, baada ya Kipolandi na Kifaransa.

Habari hii ya lugha ya tatu ndiyo iliyonivuta kwake. Mimi ni mtoto wa Mkotokuyana, na nyumbani kwetu tunasema Kimwera. Kiswahili nalikisoma shule ya msingi, na Kiingereza nalikutana nacho kwa nguvu nilipoingia sekondari. Mtu akiniambia kwamba baharia aliyeanza kuokota Kiingereza melini akiwa mtu mzima alifika kusomeshwa katika vyuo vikuu vya Waingereza wenyewe, moyo wangu hupata nguvu.

Jambo la pili lililonivuta ni mto Kongo. Mwaka 1890 Conrad alikwenda Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akapanda mto kwa meli ndogo iliyoitwa Roi des Belges mpaka Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo. Alifika huko mwezi wa Septemba, akaugua, akarudi Ulaya na afya iliyoharibika. Aliyoyaona aliyatia katika hadithi yake Heart of Darkness, yaani Moyo wa Giza, iliyotoka katika gazeti mwaka 1899. Mwanzoni mwa safari msimulizi anaona vyombo vya kujengea reli vimetupwa majanini vikishika kutu, na watu weusi waliochoshwa na kazi wakifa chini ya miti. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Kwetu Nachingwea nani asiyejua habari za mpango wa karanga? Mwaka 1947 Waingereza walianza kung'oa misitu kwa matrekta wapande karanga, reli ikajengwa mpaka Nachingwea, na mwaka 1951 serikali yao ikaufuta mpango wote kwa hasara kubwa. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Wazee wetu bado wanataja vyuma vilivyobaki porini. Sisemi kwamba karanga za Nachingwea na pembe za Kongo ni jambo moja, maana Kongo watu walikatwa mikono na kuuawa kwa wingi. Nasema tu kwamba mtungaji aliyeweza kukiona kichekesho kile cha mashine kubwa katika majani, na msiba uliokaa nyuma yake, nalimwamini.

Lakini nilipokisoma mara ya pili nikatafuta jambo moja dogo: Waafrika waliomo humo husema nini? Wasomaji, karibu hawasemi kitu. Hulia, hukimbia, hucheza ngoma ufukweni, huvuta makasia, hufa. Wanapopewa maneno, ni machache mno, na kwa Kiingereza kibovu. Mtungaji Chinua Achebe wa Nigeria alilisema jambo hili kwa ukali katika hotuba yake ya mwaka 1975 huko Marekani. Mimi nina jambo la kuongeza linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Pale Stanley Falls alipofika Conrad, Kiswahili kilikuwa kikisemwa. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa liwali wa mahali pale tangu 1887, naye aliondoka kurudi Unguja mwaka ule ule wa 1890. Baadaye mzee huyo alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kikapigwa chapa mwanzoni mwa karne ya ishirini, karibu wakati ule ule Heart of Darkness ilipotoka kuwa kitabu, mwaka 1902. Tippu Tip hakuwa malaika. Alikuwa mfanya biashara ya pembe na watumwa, na sisi watu wa kusini, ambao njia ya watumwa ya kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilikatiza nchi yetu, hatuna sababu ya kumsifu. Lakini husema. Hupatana bei, hugombana, hutaja watu kwa majina yao na baba zao. Ukivisoma vitabu viwili hivi pamoja, utaona kwamba mto haukuwa kimya. Ni nahodha tu ambaye hakuisikia lugha.

Sasa kabla sijafika kwa Ngugi, imenipasa nieleze kwamba Conrad naye alikuwa na mwalimu wake, na habari zao zinafurahisha. Mwalimu huyo ni Gustave Flaubert, Mfaransa wa mji wa Rouen, aliyezaliwa 1821 na kufa 1880. Flaubert alikuwa mtu wa ajabu katika kazi. Kitabu chake Madame Bovary kilimshika kiasi cha miaka mitano, na kila sentensi aliisoma kwa sauti kuu chumbani mwake, asikie kama inakwenda au inakwaa. Kilitoka kuwa kitabu mwaka 1857, mwaka aliozaliwa Conrad. Mwaka huo huo serikali ilimshitaki mtungaji kwamba ameharibu adabu, naye akaachiliwa.

Conrad aliandika katika barua ya mwaka 1892, kwa mama mmoja mtungaji wa Brussels aliyemwita shangazi, kwamba amekisoma tena kitabu kile na kukistahi sana. Na katika kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka 1912, anaeleza jinsi alivyokuwa akiandika sura ya kumi ya hadithi yake ya kwanza, Almayer's Folly, ndani ya meli iliyotia nanga Rouen, akawaza kwamba labda kivuli cha mzee Flaubert kinaelea juu ya sitaha za meli ile kikitazama. Haya ni maneno ya mwanafunzi mwenye heshima. Lakini mwaka 1918, baada ya mtu mmoja, Hugh Walpole, kuandika kitabu cha kusema kwamba Conrad ametokana na Flaubert, Conrad alimpelekea barua ya kukana. Alisema kwamba Madame Bovary hakuisoma mpaka alipokwisha kumaliza Almayer's Folly, na kwamba hadhani kama alijifunza neno lo lote kwake. Almayer's Folly ilikwisha mwaka 1894. Pigeni hesabu wenyewe! Mtu anawezaje kukisoma tena mwaka 1892 kitabu ambacho hakukisoma mpaka 1894? Labda alisahau, maana alikuwa mzee wa miaka sitini. Labda alichoka kuambiwa kwamba kazi yake ni ya mwingine. Mimi nadhani ni hilo la pili, kwa kuwa nami nimepata kuandikiwa na mwalimu kwa wino mwekundu, chini ya insha niliyoitolea jasho, kwamba nimemwiga Shaaban Robert, nikaapa mbele ya wenzangu kwamba sikumwiga. Na kitabu kilikuwa chini ya mto wangu bwenini.

Basi tuje kwa Ngugi. Alizaliwa 1938 Kamirithu, karibu na Limuru, katika Kenya. Alisoma shule ya bweni ya Alliance kuanzia 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, naye ameeleza kwamba aliporudi nyumbani likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Fikirini ninyi wa bweni: unashuka na sanduku lako, na nyumba hakuna. Mwaka 1959 aliingia Makerere. Huko masomo ya Kiingereza yalifuata mtindo wa London, na katika watungaji waliosomwa alimchagua Conrad amchunguze hasa. Alichokipenda ni namna Conrad asivyosimulia hadithi kwa mstari ulionyoka. Hadithi ya Conrad huanza katikati, hurudi nyuma, humwachia msimulizi mwingine aendelee, na jambo lile lile huonekana kwa macho ya huyu na ya yule, mpaka msomaji mwenyewe awe hakimu.

Matunda ya somo hilo yamo katika A Grain of Wheat, yaani Punje ya Ngano, kilichopigwa chapa mwaka 1967. Nimekilinganisha na Under Western Eyes, kitabu cha Conrad cha 1911, na nitaeleza kwa urefu kidogo, kwani hapa ndipo utamu ulipo. Katika kitabu cha Conrad, Razumov ni mwanafunzi wa chuo kikuu mjini St. Petersburg, mtu mpweke anayetaka kusoma kwa amani. Usiku mmoja anamkuta chumbani mwake Haldin, mwanafunzi aliyemwua waziri kwa bomu, akiomba msaada. Razumov anamtoa kwa serikali, na Haldin ananyongwa. Kisha watu wanamdhania Razumov kuwa rafiki wa shujaa. Wanampokea kwa heshima, naye anaumia ndani kwa ndani mpaka anakiri, kwanza kwa dada yake Haldin. Katika kitabu cha Ngugi, Mugo ni mkulima mpweke anayetaka kulima kwa amani. Usiku mmoja Kihika, mpiganaji wa msituni aliyemwua bwana shauri, anaingia kibandani mwake. Mugo anamtoa kwa serikali, na Kihika ananyongwa. Kisha watu wanamdhania Mugo kuwa shujaa. Wanamwomba awe msemaji mkuu siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba, 1963, naye anaumia ndani kwa ndani mpaka anakiri, kwanza kwa Mumbi, dada yake Kihika.

Mwenzetu yule akisoma hapa atasema, "Si mnaona? Ameiba!" Lakini ngoja. Nahodha alipowatazama wanamapinduzi wake, wengi wao aliwacheka. Kwake karibu kila mwenye kutaka kuigeuza dunia ni mjinga au ni mnafiki, na Razumov baada ya kukiri anapigwa masikio mpaka anakuwa kiziwi, anagongwa na gari la reli la mjini. Ngugi naye hafichi uovu wa watu wake: wamo wasaliti, wamo wabunge wenye kujipatia mashamba. Lakini Mugo hakiri kwa mtu mmoja tu. Anasimama mbele ya kijiji kizima, na jambo hilo linawafungua wengine waitazame mioyo yao. Mwishoni Gikonyo, amelala hospitali, anafikiri kuchonga kigoda kwa ajili ya Mumbi mkewe, ambaye waligombana naye. Katika Conrad sikukiona kigoda. Mfereji wa maji ni ule ule, lakini shamba alilonyweshea Ngugi ni jingine.

Na katika kitabu hicho hicho ndimo alimoanzia kumwacha mwalimu. Ameeleza mwenyewe kwamba alipokwisha kukiandika aliingia katika mashaka: alijua anaandika habari za nani, lakini anamwandikia nani? Wakulima waliompa hadithi hawakuweza kuisoma, kwa kuwa ilikuwa katika Kiingereza. Mwaka 1968, alipokuwa akifundisha Nairobi, yeye pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka idara ya Kiingereza ya chuo kikuu iondolewe, na mahali pake iwekwe idara itakayoanza na fasihi ya Afrika, yale ya mdomo na ya kuandikwa. Mwaka 1977 yeye na Ngugi wa Mirii walitunga mchezo kwa Kikuyu, ukachezwa na wenyeji wa Kamirithu wenyewe. Serikali ikauzuia baada ya wiki chache, na tarehe 31 Desemba mwaka huo ikamtia Ngugi kizuizini bila hukumu, akakaa karibu mwaka mzima katika gereza la Kamiti. Humo aliandika hadithi kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Ilipigwa chapa mwaka 1980, na sisi tunaijua kwa tafsiri ya Kiswahili ya 1982, Shetani Msalabani.

Hapo mtindo wa Conrad aliuweka kando. Hakuwa tena na msomaji mwenye shahada aliyekaa peke yake na kamusi, bali mtu wa Limuru aliyezoea kusikiliza. Kwa hiyo akatwaa msimulizi wa kienyeji, akatwaa hadithi ndani ya hadithi, na mizaha mikubwa ya wezi wanaoshindana kujisifu. Ameeleza kwamba kitabu kilisomwa kwa sauti majumbani na hata katika vilabu vya pombe, ambako msomaji alifika mahali patamu akakiweka kitabu chini kwa kuwa gilasi yake imekauka, mpaka wasikilizaji wamnunulie nyingine. Mwaka 1986, katika kitabu chake cha kuaga Kiingereza, Decolonising the Mind, alimpima Conrad kwa utulivu: anakiri alichojifunza kwake, lakini anaona kwamba nahodha aliyumba katika habari za ubeberu, aliuona ubaya wake, wala hakuweza kusimama upande wa wale walioonewa. Ngugi alifariki dunia tarehe 28 Mei, 2025, huko Marekani, mwenye umri wa miaka 87.

Je, ni utovu wa shukrani? Nimefikiri, nami nasema si hivyo. Conrad alimkana Flaubert kwa kusema hakujifunza kitu. Ngugi hakumkana Conrad hata mara moja. Alisema, nalijifunza hili na hili, na hapa ndipo tulipoachana. Hiyo naona ni heshima kuliko ile ya nahodha. Ila nitasema na jambo ambalo huenda lisimpendeze mwalimu wetu. Mimi katika vitabu vya Ngugi nilivyovisoma nakipenda zaidi Punje ya Ngano, ambacho alikiandika angali karibu na Conrad, kuliko Shetani Msalabani. Katika Shetani Msalabani mtu mbaya unamjua tangu anapoingia, kwa tumbo lake na suti yake. Mugo humjui. Unamhofia, unamhurumia, unajiuliza kama wewe usiku ule ungefungua mlango. Labda nasema hivi kwa sababu nalikisoma peke yangu kitandani, wala sikusomewa na mtu mwenye gilasi mkononi.

Likizo iliyopita nilijaribu jambo. Jioni moja, tumemaliza kuokota korosho, nilimsimulia bibi yangu hadithi ya Mugo kwa Kimwera. Nilianza kwa kuinyosha, tangu utoto wake, nikidhani ndivyo atakavyoelewa. Bibi akanikatiza: "Kwanza niambie walimfanya nini, halafu urudi." Nikacheka, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyo, na ndivyo bibi mwenyewe anavyotusimulia siku zote, huanza na mwisho, humkumbuka jirani, hurudi nyuma. Basi nikamwambia walimfanya nini, nikarudi. Nikamsimulia na ya Razumov, nikaita Urusi nchi ya baridi. Alinyamaza muda mrefu akichambua korosho mbovu, kisha akauliza, "Watu hao wawili, hawakuwa na mama?"

Nikakumbuka kwamba Mugo alikuwa yatima aliyelelewa na shangazi mlevi asiyempenda, na kwamba Razumov alikuwa mtoto wa nje wa bwana mkubwa, asiye na mtu. Jambo hilo sikulitia maanani wakati nilipovilinganisha vitabu, wala halimo katika daftari langu. Nikamwambia, "La, bibi, hawakuwa naye."

"Haya," akasema, "endelea."